Bashi Inazuia Mvua, Haizuii Kisu



Juma lililopita tuliongea juu ya kutunza unga wakati wa mvua. Leo tunajibu ulizo lililotoka kwa vikundi kadhaa ambavyo vimefaulu kununua gari. Wanauliza: gari yetu ni ya bashi, haina sanduku ya chuma nyuma, tufanye nini ili wezi wasitumalize? Ulizo hilo ni la maana, na halihusu wenye gari peke yao. Mama anayepakiza mifuko yake ya makala au samaki yake ya kukauka ndani ya gari ya mwenzake, naye linamuhusu.

Kwanza tukumbuke gari hiyo ni nini kwetu. Kwa mtu mwenye mshahara mkubwa, gari ni starehe. Kwa kikundi cha wamama, gari ni shamba. Inalala na mbegu ndani yake. Ikisimama siku kumi, kuna jiko ambalo haliwaki vizuri, na kuna mtoto wa sekondari ambaye anarudishwa nyumbani kwa sababu ya malipo. Shule za msingi za serikali ni za bure tangu mwaka 2019, lakini mkubwa wa nyumba aliye sekondari anaendelea kulipa. Sisi walimu tunajua: mtoto akikosa majuma mawili katikati ya muhula, hesabu aliyoiacha haimngojei. Kwa hiyo tunapoongea juu ya batri na vioo vya gari, tunaongea pia juu ya daftari za watoto wetu.

Kujua udhaifu wa bashi

Bashi ni nguo nzito. Inazuia mvua, vumbi na jua. Haizuii kisu. Mwizi mwenye wembe wa franka chache anaipasua bila kelele, na mlango mzuri wenye kufuli mbele haumsumbui hata kidogo.

Ulaya na Marekani kuna magari madogo ya fahari ambayo paa lake ni la kitambaa na linakunjwa nyuma wakati wa jua. Wenye magari hayo wana shida sawa na yetu, ingawa mifuko yao si sawa na yetu. Wao wamejifunza kanuni moja: usiache kitu ndani, hata mfuko mtupu, kwa maana mwizi atapasua paa ili aangalie mfuko una nini. Na kutengeneza paa kunaomba pesa nyingi kuliko kitu kilichoibwa. Ndiyo sababu wengine, wakiwa hawana kitu ndani, wanaacha gari yao wazi mahali palipo na ulinzi, ili kila mtu aone kwamba hakuna cha kuchukua.

Tujifunze hapo. Usiku, gari ya kikundi ikiwa tupu, tukunje bashi upande wa nyuma na kuifunga juu, ili anayepita aone ubao mtupu. Bashi iliyofungwa vizuri juu ya gari tupu inamwambia mwizi uongo ambao utatugharimu sisi. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi, itabidi tuifunge, lakini hata hapo tuache pembe moja ya nyuma imeinuliwa kidogo. Na gari ikiwa na mzigo, isilale barabarani. Mzigo ushushwe, hata kama tumechoka, hata kama ni saa tatu ya usiku. Mfuko wa makala unaolala ndani ya nyumba hauombi zamu.

Hesabu ya darasa la tano

Wamama wengine wanasema: kununua mnyororo na kufuli ni kupoteza pesa. Tufanye hesabu pamoja. Hesabu hii ni ya mfano tu, kila kikundi kiweke bei zake.

Tuseme kikundi kina wamama 20. Gari inafanya safari 2 kwa juma. Kila safari, baada ya kutoa mafuta na malipo ya shofere, kila mama anapata 15.000 franka. Usiku mmoja batri inaibwa. Batri mpya ni 250.000 franka. Lakini sanduku ya kikundi ni tupu, kwa sababu likelemba imetoka juma hilo. Gari inasimama majuma 3.

Safari 6 zimepotea. Kila mama amekosa 90.000 franka. Wote 20 wamekosa 1.800.000. Tuongeze batri 250.000, inakuwa 2.050.000 franka. Kwa kila mama ni 102.500. Na mwizi je? Ameuza batri hiyo labda kwa 60.000, akala siku mbili.

Sasa mnyororo na kufuli nzuri, tuseme ni 40.000 franka. Kwa kila mama ni 2.000. Nani atasema tena kwamba mnyororo ni bei kali?

Tukumbuke pia somo lingine la hesabu hiyo. Hasara kubwa haikutoka kwa batri. Imetoka kwa majuma matatu ya kusimama. Kwa hiyo kikundi chenye gari kiwe na akiba ndogo pembeni, isiyoingia katika likelemba, ya kununua batri au tairi moja siku hiyohiyo. Hata ulinzi ukiwa mzuri, siku mbaya inaweza kufika.

Vitu ambavyo wezi wanapenda

*Batri.* Ni rahisi kufungua na ni rahisi kuuza. Kuna mambo matatu ya kufanya. La kwanza, fundi apitishe ubamba wa chuma juu ya batri na kuufunga kwa kufuli. La pili, kapo ya gari ifungwe pia, kwa mnyororo mdogo unaopita ndani. La tatu, tuandike alama ya kikundi juu ya batri yenyewe kwa chuma cha moto, si kwa rangi peke yake, maana rangi inafutwa kwa esanse. Mnunuzi mwenye akili akiona alama iliyochomwa, anaogopa.

*Tairi ya akiba.* Katika camionnette nyingi inaning'inia chini, nyuma. Mwizi analala chini ya gari kama fundi, na mpita njia hamshangai. Ifungwe kwa mnyororo unaopita ndani ya shimo la chuma cha tairi na kuzunguka chasi, kisha kufuli iangalie juu, mahali ambapo msumeno haufiki vizuri. Kwa tairi nne za chini, kuna bulo za pekee ambazo zinafunguliwa kwa ufunguo wao tu. Bulo moja kwa kila tairi inatosha. Lakini ufunguo wake usiwekwe ndani ya gari. Tumesikia watu wakiuacha chini ya kiti, na hapo ni sawa na kumpa mwizi chakula na kijiko.

*Vioo vya pembeni na taa.* Hivi vinatoka kwa sekunde chache. Dawa yake ni kuchora namba ya plaki juu ya kila kioo, vya pembeni na vya milango, na juu ya taa. Mafundi wanafanya kazi hiyo, haichukui hata saa moja. Kioo chenye namba ya gari yetu hakiwezi kukaa juu ya gari nyingine bila kusema kilitoka wapi. Mwizi hanunuliwi kwa bei nzuri, na kesho anaenda mahali pengine.

*Mafuta.* Mwizi wa mazutu anahitaji mpira mmoja na bidoni moja. Kifuniko cha tanki kiwe na kufuli. Na tusijaze tanki jioni kama gari inaondoka asubuhi. Tujaze asubuhi, wakati wa kuondoka.

*Bashi yenyewe.* Ndiyo, na yenyewe inaibwa, kwa sababu inafaa kufunika nyumba, duka la sokoni, hata kukaushia mihogo. Tuandike jina la kikundi kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, katikati ya bashi na si pembeni. Aliyeiiba akikata pembeni, bado anabaki na bashi. Akikata katikati, amebaki na vipande. Kisha, pahali pa kamba, tupitishe waya mnene wa chuma katika matundu yote ya bashi, kutoka mbele mpaka nyuma, na miisho miwili ikutane kwa kufuli moja. Kamba inakatwa kwa kisu kidogo. Waya unaomba chombo kikubwa, na chombo kikubwa kinafanya kelele.

Vikundi vyenye nguvu zaidi viombe fundi wa chuma atengeneze wavu wa vyuma vyembamba chini ya bashi, kama kizimba. Hapo mwizi akipasua nguo, anakutana na chuma. Huo wavu unasaidia pia bashi isishuke na kujaa maji.

*Vitu vidogo.* Kriki, funguo za bulo, redio, bomba la kujaza tairi. Hivi vikae ndani ya sanduku ya chuma iliyofungwa kwa bulo kwenye ubao wa gari. Na usiku, kama inawezekana, viingie nyumbani. Karatasi za gari nazo, karte roze pamoja na asiransi, zisilale ndani ya gari hata siku moja. Mwizi akipata gari na karatasi zake, amepata gari mara mbili.

Gari yenyewe isiende

Magari mengi tunayoyanunua yametumika kwanza Japani, na yanafika kwetu kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Mengine ni ya zamani sana, na ufunguo wake umechoka hata ufunguo mwingine unaweza kuingia. Kwa gari kama hiyo, ufunguo si ulinzi.

Muombe fundi wa umeme aweke swichi ya kujificha, ambayo inakata umeme wa kuwasha motere. Mtu asiyejua mahali pake anazungusha ufunguo bure. Swichi hiyo isiwekwe pahali ambapo kila mtu anaweka, chini ya usukani. Na watu wanaoijua wawe wachache: shofere na mama mmoja wa komite. Siri ya watu kumi si siri tena.

Usukani nao unaweza kufungwa kwa chuma kirefu chenye kufuli, au kwa mnyororo unaounganisha usukani na pedali. Chuma hicho kina kazi mbili: kinamchelewesha mwizi, na kinaonekana kwa kioo kabla hajavunja kitu. Mwizi anapenda gari ambayo haitamchelewesha. Hatuwezi kumzuia kila mwizi, lakini tunaweza kumfanya aone kwamba kwetu atachelewa.

Mahali pa kulala

Kama kuna parsele yenye ukuta, gari iingie ndani. Isipoingia, tuchague namna ya kuisimamisha. Kama tunaogopea batri, pua ya gari isimame karibu kabisa na ukuta, hivi kapo isifunguke vizuri. Kama tunaogopea vilivyo nyuma, mlango wa nyuma ndio uguse ukuta. Tairi za mbele zigeuzwe upande, ili gari isisukumwe moja kwa moja.

Umeme unapokatika, kartie nzima inaingia gizani, na wezi wanajua saa zake kuliko sisi. Taa ndogo ya jua, inayochaji mchana na kuwaka usiku, inasaidia sana. Lakini iwekwe juu, vinginevyo asubuhi tutatafuta taa pia.

Zamu na shofere

Wazee wetu walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Wizi mwingi wa vifaa vya gari unafanywa na mtu anayejua gari hiyo: aliyeisafisha, aliyeitengeneza, aliyeiendesha. Hatusemi hivyo ili mwanze kumshuku kila mtu. Tunasema hivyo ili mjenge utaratibu ambao unamlinda hata mtu mwaminifu.

Zamu alipwe siku iliyoahidiwa. Zamu ambaye hajalipwa miezi miwili, na watoto wake wanalala bila bukari, tumemweka sisi wenyewe mbele ya kishawishi. Kikundi kijue jina lake kamili, nyumba yake na mtu wa jamaa yake. Kimpe tochi na firimbi, na namba ya simu ya mama anayekaa karibu. Asiambiwe kupigana. Kazi ya zamu ni kuona na kuita. Batri inanunuliwa sokoni, baba wa watoto hanunuliwi.

Shofere naye, kila jioni, afanye ziara ya gari pamoja na mama mmoja, dakika tano tu: batri ipo, tairi tano zipo, vioo vipo, kriki ipo, mafuta ni kiasi hiki. Wote wawili watie sahihi katika daftari. Asubuhi wafanye tena. Kitu kikikosekana, tutajua kama kimepotea usiku au mchana, na hakuna atakayesingiziwa bure. Urafiki mwingi katika vikundi umevunjika kwa sababu ya kukosa daftari ya franka mia tano.

Na gari ikienda garaji, mama mmoja aende nayo akiwa na daftari hiyo. Kuna magari yaliyoingia garaji na batri mpya, yakatoka na batri ya zamani.

Daftari ya gari

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari tuandike: namba ya plaki, namba ya chasi, rangi, na mambo ya pekee, kama mkwaruzo au mlango uliochomelewa. Namba ya chasi haifanani kwa magari yote. Magari mengi ya dunia yana namba yenye alama 17. Lakini yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi zaidi. Kwa hiyo msishtuke mkiona fupi, andikeni kama ilivyo.

Tairi pia zina jina lao. Pembeni ya tairi tafuteni herufi DOT. Mwishoni mwa maandishi hayo kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mfano: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Andikeni tarakimu hizo za tairi zote tano. Siku moja mkiona tairi yenu sokoni, mtakuwa na kitu cha kuonyesha, si maneno matupu. Namba hizo zinasaidia pia msiuziwe tairi ya zamani iliyopakwa rangi nyeusi kama mpya.

Pigeni picha za gari kwa simu, pande zote nne, na bashi yake, na alama za batri. Mama wawili tofauti wazitunze.

Mkono unaonunua

Hapa tunaomba wamama watuvumilie, maana neno hili linauma. Kioo kilichoibwa usiku hakiliwi. Kinauzwa. Kama kinauzwa, kuna anayekinunua. Na mara nyingine mnunuzi ni sisi, au shofere wetu tuliyemwambia: nenda, tafuta penye bei nafuu. Batri ambayo ni mpya lakini inauzwa nusu ya nusu ya bei, na muuzaji hana duka wala fakture, tunajua ilikotoka. Kusema "sikuuliza" hakutusafishi.

Sheria nayo inalisema wazi. Katika kitabu cha sheria za makosa cha nchi yetu, kifungu cha 79 kinaeleza wizi ni nini, na kifungu cha 80 kinaweka adhabu ya kifungo mpaka miaka 5. Kifungu cha 81 kinaruhusu kufika miaka 10, kwa mfano kama mwizi amevunja au ametumia funguo za bandia. Na kifungu cha 101 kinamuangalia yule anayeficha au kupokea kitu kilichoibwa: naye anaweza kufungwa mpaka miaka 5, sawa na mwizi wa kifungu cha 80. Kwa hiyo mama anayenunua kitu cha wizi anajiweka pamoja na mwizi katika kesi moja.

Tufanye agano katika vikundi: hatununui kifaa cha gari bila fakture au bila jina na mahali pa muuzaji. Kama vikundi vyote vya Lubumbashi vingefanya hivyo, wezi wangekosa soko kabla polisi haijaamka.

Kama imekwisha kutokea

Msiguse gari sana. Pigeni picha. Muiteni shefu wa avenyu au wa kartie aone. Kisha nendeni kwa polisi kutoa ripoti, mkiwa na daftari na picha. Muombe procès-verbal iandikwe na namba yake mpewe. Bila karatasi hiyo, siku mkiona kitu chenu, mtu atawauliza: mlisema lini kwamba kimepotea?

Juu ya asiransi, wengi wanadanganyika. Asiransi ambayo sheria inatulazimisha ni ya kulipa madhara ambayo gari yetu inafanyia watu wengine. Hailipi gari yetu ikiibwa, wala batri yetu. Ulinzi wa wizi ni mkataba mwingine, unaongezwa na kulipwa pembeni. Kabla ya kusaini, muulizeni kwa maandishi: je, wizi wa vifaa umo, au wizi wa gari nzima tu? Na je, bashi iliyopasuliwa italipwa?

Kama mwizi amekamatwa, na ni mtoto

Tumefika mahali ambapo tulitaka kufika tangu mwanzo. Mara nyingi anayetumwa kutoa vioo na vifuniko ni kijana mdogo, kwa sababu mikono yake ni midogo na miguu yake ni myepesi. Nyuma yake kuna mtu mkubwa anayenunua. Mtoto akikamatwa, kelele inapigwa: "Mwizi! Mwizi!" Watu wanatoka na mawe, na kuna anayeleta tairi na esanse. Yule mkubwa anayenunua anaangalia kwa mbali, na kesho anamtafuta mtoto mwingine.

Wamama, hakuna kioo cha gari chenye bei ya mtu. Tulizaa, tunajua miezi tisa ni nini. Yule aliye chini anaweza kuwa mtoto aliyekaa katika benchi yetu ya darasa la nne, kisha benchi ikabaki wazi na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Sisi walimu tunajua benchi hizo.

Sheria iko upande wa mama anayesimama katikati. Kumpiga mtu mpaka kufa ni uuaji, hata kama alikuwa na batri yetu mikononi, na kila aliyetupa jiwe anaweza kuitwa mbele ya hakimu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai, na kwamba kesi za watoto wa chini ya miaka 18 zinaenda kwa tribinali ya watoto. Hatusemi aachwe aende akicheka. Tunasema akabidhiwe mikononi mwa polisi mbele ya mashahidi, wazazi wake waitwe, na aulizwe swali moja la maana: ulikuwa unamuuzia nani?

Mama mmoja akisema "msimpige" sauti yake inapotea. Wamama kumi wa kikundi, wakiwa wamevaa kitambaa kimoja na kusimama kuzunguka mtoto huyo, ni ukuta. Liamueni jambo hili katika mkutano mapema, wakati roho zimetulia. Usiku wa kelele hakuna anayefikiri. Semeni tangu leo ni nani atasimama mbele, nani atapigia polisi simu, nani atatafuta wazazi.

Kazi ya juma hili

Kama kawaida yetu, tunawaachia kazi ya nyumbani. Kwa mkutano ujao wa kikundi:

1. Leteni daftari moja mpya. Andikeni plaki, chasi, namba za tairi tano na alama ya batri.
2. Fanyeni hesabu yenu wenyewe: gari ikisimama majuma 3, kila mama anapoteza ngapi? Halafu muulize bei ya mnyororo na kufuli.
3. Chagueni mama wawili wa ziara ya jioni, na mbadala wao.
4. Pimeni kama zamu amelipwa mwezi uliopita.
5. Fanyeni agano la kutonunua kitu bila fakture, na kila mama atie sahihi au kidole.
6. Agaaneni mtakavyofanya siku mtoto akikamatwa.

Vikundi ambavyo havina gari vifanye kazi ya 5 na ya 6. Hizo hazihitaji tairi wala batri.

Tutafurahi kupokea majibu yenu, hasa ya hesabu. Juma lijalo tutaongea juu ya mtoto anayesoma usiku kwa mshumaa, na namna ya kulinda macho yake. Mpaka hapo, muwe na amani, na gari zenu zilale salama.